Maangamizi (filamu)

Maangamizi: The Ancient One ni filamu ya Tanzania na Marekani ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Dk. Asira (BarbaraO), daktari wa magonjwa ya akili kutoka Marekani, anamhudumia Samehe (Amandina Lihamba), aliyenyamaza kwa miaka 20. Anayewaunganisha ni Maangamizi (Mwanajuma Ali Hassan), mzimu wa kale. Ndoto, kumbukumbu na mchana wa hospitali vinachanganywa kwa makusudi, na hapo ndipo ukosoaji unapouma: mgonjwa hasa ni jamii inayofunika ukatili wa nyumbani, wala si mwanamke aliyelazwa. Aliyezoea hadithi nyoofu huenda akachoka mapema. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Tanzania iliipendekeza kuwania Oscar.