Tusome Nini Kuhusu Imani Yetu? Kutoka Shajara za Karema hadi Maktaba ya Kawajense



Ndugu wapendwa, juma hili tunatafakari swali ambalo wasomaji wa maktaba ya kanisa hapa Kawajense hutuuliza mara kwa mara: tusome nini ili tuifahamu imani yetu, na katika intaneti tufungue wapi? Tungeweza kujibu kwa orodha fupi ya vitabu na tovuti. Tumeona vema, hata hivyo, tuanzie Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa sababu huko ndiko ilikoanzia historia ya Kanisa katika nchi hii tunayoiita leo Mkoa wa Katavi.

Kituo cha Karema kilijengwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold II. Mwaka 1885, wakati mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana bara letu, kituo hicho kilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, ambao shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Miongoni mwa kanuni alizowapa, mbili zinatuhusu leo. Ya kwanza: kila kituo kiandike shajara ya mambo yanayotukia. Ya pili: mtu asibatizwe kwa haraka, bali aandaliwe kwa muda wa miaka 4. Kwa hiyo tangu mwanzo Kanisa lililotuzaa lilikuwa Kanisa la kuandika na la kufundisha kwa subira.

Lakini tuangalie jambo moja. Shajara hizo ziliandikwa kwa Kifaransa, na kumbukumbu za shirika hilo zimetunzwa Roma. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza Kanisa la Karema tangu mwaka 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, alitunga kitabu juu ya watu wa pande hizi, wakiwemo Wafipa na Wabende, kiitwacho *Aux rives du Tanganika*, kilichotolewa mwaka 1913. Nacho ni cha Kifaransa. Ndiyo kusema, mengi yaliyoandikwa juu ya babu zetu yaliandikwa na wageni, kwa lugha ambayo babu zetu hawakuisoma, wala wajukuu wao wengi hawaisomi.

Ndiyo maana tunapendekeza kwanza maisha ya Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ya Mali ya leo. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, kisha wamisionari wakamkomboa huko Algeria. Alisomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa huku huku, na mwana wao Joseph alipewa daraja ya upadre mwaka 1923. Atiman hakungoja wengine wamsimulie: masimulizi yake mwenyewe yalichapwa mwaka 1946 katika jarida la *Tanganyika Notes and Records*. Wenye kusoma Kiingereza watapata pia muhtasari wa maisha yake, bila malipo, katika *Dictionary of African Christian Biography*, yaani kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika inayopatikana katika intaneti. Hapo kijana wetu ataona kwamba aliyewahudumia wagonjwa na kufundisha dini Karema kwa miaka zaidi ya 60 alikuwa Mwafrika, tena aliyewahi kuwa mtumwa.

Pili, tusiogope vitabu vinavyotuuliza maswali magumu. Wengi wa wakazi wa kwanza wa misioni walikuwa watu waliokombolewa utumwani au waliokimbilia usalama. Je, watu hao walikuwa huru kiasi gani mbele ya wamisionari waliowapa chakula, ardhi na ulinzi? Na msalaba ulikuwa na uhusiano gani na bendera za wakoloni? Padre Aylward Shorter, mwenyewe wa shirika hilo hilo, aliyajadili mambo hayo katika *Cross and Flag in Africa*, kilichotolewa mwaka 2006. Mwaka huo huo Kathleen Smythe alitoa *Fipa Families*, kitabu kinachoonyesha jinsi familia za Ufipa zilivyoipokea imani kwa hiari na mipango yao wenyewe. Kwa picha ya Afrika nzima, kipo kitabu cha John Baur, *2000 Years of Christianity in Africa*, cha mwaka 1994. Imani ya kweli haihofu ukweli wa historia. Mkristo anayejua udhaifu wa waliomletea Injili hatatikisika siku atakapousikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayeidhihaki.

Tatu, juu ya vitabu hivi vyote liko Neno la Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati *Dei Verbum* ya mwaka 1965, ulitaka waamini wote wafunguliwe mlango wa Maandiko Matakatifu, na ukakumbusha kwamba kuyasoma kuendane na sala. Mwenye kuanza na asome Injili moja hadi mwisho, kisha Matendo ya Mitume. Karibu naye aiweke *Katekisimu ya Kanisa Katoliki*, iliyotolewa mwaka 1992, aitumie kama mtu atumiavyo kamusi: akikutana na swali, atafute mahali pake.

Nne, intaneti. Tovuti ya Vatikani ina hati za Mapapa na za Mitaguso katika lugha mbalimbali, na Vatican News huandika habari na tafakari kwa Kiswahili. Simu imewarahisishia wengi njia ya kufika huko. Hata hivyo, simu hiyo hiyo huleta ujumbe usio na jina la mwandishi, maono yasiyothibitishwa na maneno anayosingiziwa Papa. Tujizoeze kuuliza maswali matatu kabla ya kumpelekea mwenzetu: nani ameandika? Lini? Na hati yenyewe inapatikana wapi? Ujumbe usio na jibu hata kwa swali moja tusiusambaze katika jumuiya zetu ndogondogo.

Mwisho, wapendwa, kipo kitabu ambacho hatuwezi kukiazima popote, kwa kuwa bado hakijaandikwa. Jimbo la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000 kutoka Jimbo la Sumbawanga, na Askofu Paschal William Kikoti, aliyefariki mwaka 2012, akawa mchungaji wake wa kwanza. Wako kati yetu wazee walioijua misioni kabla ya hapo: makatekista waliotembea kutoka kigango hadi kigango, akina mama waliofundisha watoto sala chini ya mti. Wao hawana shajara. Kila tunapomzika mmoja wao, tunazika naye ukurasa ambao hata Roma hautapatikana.

Basi tunawaomba vijana wetu wanaojua kusoma na kuandika: baada ya Misa mketi na mzee mmoja, mmwulize alibatizwa wapi, na nani alimfundisha, na kwa shida gani, kisha mwandike kwa Kiswahili, mkitaja jina lake kwa ruhusa yake na tarehe ya mazungumzo. Daftari hizo zitawekwa katika maktaba yetu, kando ya Biblia na Katekisimu, ili watakaokuja baadaye wasome habari za Kanisa lao kwa lugha yao.

Mungu awabariki nyote, nawatakieni Dominika njema.