Askari wa Keya na Vita vya Burma: Nani Alimpigania Nani?

Historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi huwaeleza askari wetu kwa sentensi moja tu: walikwenda, wakapigana, wakarudi na mwamko wa siasa. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini imeruka jambo lenyewe. Waliokwenda walikuwa nani? Walipelekwa kwa faida ya nani? Na huo mwamko ulitoka wapi? Tunaona inafaa kuyajibu maswali haya kwa kuvitazama vita vya Burma, kwa sababu Waingereza wenyewe walizoea kuliita Jeshi lao la 14 huko Burma jeshi lililosahauliwa. Ikiwa Mwingereza alijiona amesahauliwa, basi askari wa Keya aliyekuwa chini yake alisahauliwa mara mbili.

Tuanze na msingi wa uchumi. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Malaya, Java na Ufilipino, na kwa pigo hilo Uingereza na washirika wake wakapoteza mpira na nyuzi za kamba za Mashariki ya Mbali. Kwa Tanganyika matokeo yalikuwa mawili kwa wakati mmoja. Vijana wengine walichukuliwa kwa kazi ya lazima katika mashamba ya mkonge na mpira. Wengine wakavishwa magwanda wakapigane na Mjapani huyo huyo. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wanaopenda kumwita askari wa Keya kibaraka au mamluki. Wapo waliojiandikisha kwa ajili ya mshahara na kodi, na wapo waliotolewa na majumbe na machifu wao. Wote walikuwa wakulima, na mnyonyaji aliyewahitaji alikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ni chombo walichopewa mkononi.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1943, ikiwa na vikosi vya Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Tanganyika. Vikosi vya Tanganyika vilikuwa cha 26 na cha 36. Mazoezi yalifanyika Ceylon. Lakini si wote waliofika huko. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Walionusurika walikuwa bado wanaelea majini pale manowari za Kiingereza zilipotupa mabomu ya kuiwinda nyambizi ile, katikati yao. Vijijini kwetu habari za namna hii hazikutangazwa. Mama aliambiwa tu kwamba mwanawe hatarudi.

Agosti 1944 divisheni ilishuka kutoka Tamu kuingia bonde la Kabaw, wakati wa masika ya nchi ile. Huko Tamu walikuta mamia ya maiti za Wajapani ambazo hazikuzikwa. Barabara iligeuka tope, magari yakakwama, na chakula na risasi vikawa vinaangushwa kwa ndege. Malaria na homa ya utitiri viliangusha watu pamoja na risasi, na vidonge vya kila siku vya kuzuia malaria viliwageuza ngozi kuwa na rangi ya manjano. Hata hivyo walisonga. Kalewa ilitekwa mwanzoni mwa Desemba 1944, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma la futi 1,154, ambalo sehemu ya jeshi la Slim ililitumia kuingia Burma ya kati. Waliofungua njia walikuwa Waafrika. Maofisa wa Keya walikuwa Wazungu.

Mmoja wa wachache walioandika kumbukumbu zao ni ndugu wa Kenya, Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana katika mapambano ya Mau Mau kwa jina la Jenerali China. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 anasimulia jinsi askari mmoja wa Kiingereza alivyomwuliza huko vitani anapigania nini hasa. Mwingereza alijua anapigania nchi yake. Itote hakuwa na jibu. Anasimulia pia mazungumzo yake na Mmarekani mweusi. Hapa ndipo tunapolipata jibu la swali letu la mwamko. Mwamko haukuletwa na mvua ya Kabaw wala na risasi, maana mvua ile iliwanyeshea wote. Uliletwa na swali, na na watu wa kujadiliana nalo.

Baada ya vita, malipo ya kuagwa yalipangwa kwa kufuata rangi pamoja na cheo. Wengi walirudi kwenye jembe. Wachache waliokuta chombo cha siasa walikitumia: Abdulwahid Sykes na nduguye Ally, waliotumikia Burma, waliingia katika uongozi wa TAA Dar es Salaam na wakawa miongoni mwa waliojenga TANU mwaka 1954. Bila chombo, kumbukumbu ya vita hubaki hadithi ya jioni.

Tena hadithi huweza kuibwa. Idi Amin alijitangaza kuwa askari wa Burma. Ukweli ni kwamba aliingia Keya mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha, akaanzia jikoni. Alijitwalia heshima ya watu wa Kabaw, lakini alichokirithi kwa kweli ni jeshi la kuwatisha raia. Sisi pia tulirithi jeshi hilo. Kikosi cha 6 cha Keya kiligeuka kuwa Tanganyika Rifles, na tarehe 20 Januari 1964 askari wake waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, yaani jambo lile lile la Chindwin, miaka ishirini baadaye. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, alikutana na jeshi hilo, na maofisa wake hawakuwa wa kuletwa kutoka Uingereza. Aprili 1979, pamoja na wapiganaji wa Uganda, liliingia Kampala.