Duka la Toad Lane na Gorogoro Yetu

Ukitaja neno ushirika hapa Nairobi, mtu wa rika langu hufikiria vitu viwili: jina la sacco lililoandikwa ubavuni mwa matatu, au mzee wa kijijini anayelalamika kuhusu pesa za kahawa ambazo hazikufika. Neno lenyewe limezeeka. Linanukia faili za kahawia na chai ya saa nne. Ndiyo maana napenda kuwarudisha watu hadi mwaka wa 1844, kabla neno hili halijapata afisi wala wizara, wakati ushirika ulikuwa tu swali la jikoni: nani ametia nini kwenye unga wetu, na kwa nini tunamlipa kwa kazi hiyo?

Mji ni Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, karibu na Manchester. Ulikuwa mji wa wafumaji, hasa wa flaneli. Mashine zilikuwa zimeshusha thamani ya kazi ya mikono, mishahara imekatwa, na migomo ya kudai nyongeza haikuzaa kitu. Waingereza wenyewe huikumbuka miaka hiyo ya 1840 kama miaka ya njaa.

Njaa ilikuwa nusu ya shida. Nusu nyingine ilikuwa chakula chenyewe. Waokaji walitia shabu kwenye mkate ili uwe mweupe. Maziwa yaliongezwa maji. Majani ya chai yalichanganywa na majani ya miti mingine na kupakwa rangi. Tayari mwaka wa 1820 mwanakemia Friedrich Accum alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu sumu na ulaghai katika vyakula vya London, lakini sheria ya kwanza ya kuzuia mambo hayo ilikuja mwaka wa 1860. Kwa hiyo kwa miaka arobaini kila mtu alijua, na kila mtu aliendelea kula.

Maskini hakuwa na pa kuhamia kwa sababu alikuwa na deni. Mwenye duka alimkopesha hadi siku ya mshahara, na mtu unayedaiwa naye huwezi kumuuliza mbona mizani yake imeinama. Si tunaijua hiyo? Ukiwa kwenye kile kitabu cha deni cha duka la mtaa, utachukua nyanya iliyopondeka na kusema asante. Utaona gorogoro imebonyezwa kwa chini, ujue kabisa haijai, na bado utanyamaza.

Sasa, hawa wafumaji na mafundi wenzao walianza kuchanga peni mbili kwa wiki, baadaye tatu. Orodha inayotajwa huwa na watu 28. Walipofikisha paundi 28 walikodi chumba cha chini cha ghala moja, nambari 31 Toad Lane, kwa paundi 10 kwa mwaka. Toad ni chura, kwa hiyo unaweza kuuita Mtaa wa Chura. Usiku wa tarehe 21 Desemba 1844, mojawapo ya siku zenye giza refu kuliko zote kule kwao, walifungua duka. Bidhaa zote zingeingia kwenye pikapu moja na nafasi ibaki: siagi kilo 13 hivi, sukari kilo 25, unga wa ngano kilo 300, gunia la unga wa oti, na mishumaa. Vijana wa mtaani walikuja kuwacheka. Ukiangalia hiyo rafu, kusema kweli, hata mimi ningecheka.

Lakini hawakuwa wa kwanza kujaribu, na hapa ndipo historia inakuwa tamu. Mwaka wa 1833 wanaushirika wa mji huohuo walikuwa wamefungua duka mtaa huohuo. Lilikufa mwaka wa 1835. Lilikopesha wanachama, wanachama hawakulipa, mtaji ukaisha. Baadhi ya watu wa 1844 waliikumbuka vizuri aibu hiyo. Waliandika kanuni zao wakiwa na maiti ya duka la kwanza machoni.

Kanuni ya kwanza: pesa mkononi, hakuna deni. Ya pili: ratili kamili na chakula safi, kisichochanganywa na kitu. Ya tatu: kila mwanachama kura moja, awe na hisa moja au hamsini. Ya nne ndiyo iliyolikuza duka. Ziada iliyobaki baada ya gharama haikugawanywa kwa hisa pekee. Hisa zililipwa riba yenye kikomo, kisha kilichobaki kikarudi kwa wanachama kulingana na kiasi walichonunua. Tuseme wewe umenunua vitu vya shilingi elfu kumi na mimi vya elfu tano. Mgao wako utakuwa mara mbili ya wangu, hata kama mimi nina hisa nyingi kukuliko. Faida inamrudia anayekula. Na kwa kuwa wengi waliacha mgao wao dukani kama akiba, mtu aliweka pesa kwa kula tu.

Mwaka uliofuata walikuwa wanachama 74. Mwaka wa 1850 walikuwa 600 hivi. Ghorofani mwa duka waliweka maktaba na chumba cha kusomea magazeti, na kuanzia miaka ya 1850 walitenga asilimia mbili na nusu ya ziada kwa elimu. Huo uamuzi naupenda kuliko ule wa mgao. Wenye njaa walikubaliana kutokula sehemu ya faida ili wasome, kwa sababu mwanachama asiyeweza kusoma hesabu za duka si mwenye duka, ni mteja aliyepewa kadi.

Kulikuwa na wanawake pia. Eliza Brierley alijiunga mwaka wa 1846 kwa jina lake mwenyewe. Sheria ya Uingereza wakati huo ilimpa mume umiliki wa pesa za mkewe, na haikubadilika kwa uzito hadi 1870 na 1882. Hebu fikiria: kuna miaka ambapo mwanamke hakuwa na kura ya kuchagua mbunge lakini alikuwa na kura ya kuamua kuhusu duka la unga.

Hata hivyo sitaki tuwageuze hawa watu malaika. Kanuni ya pesa mkononi iliwaacha nje maskini wa mwisho, wale ambao bila deni hawakupika. Waanzilishi wengi walikuwa mafundi wenye kipato kidogo lakini cha kutegemewa. Mtaani kwetu, mama mboga anayekuandikia deni hadi Ijumaa anafanya kazi ambayo duka la Toad Lane lilikataa kuifanya. Na pamba iliyoendesha viwanda vya eneo lao ilitoka kwa wingi Marekani, ilikolimwa na watumwa. Ratili ilikuwa kamili dukani. Huko shambani hakuna aliyepimiwa haki.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha kiwanda. Miaka ya 1850 wanaushirika wa Rochdale walianzisha kiwanda cha pamba ambacho wafanyakazi wangepata sehemu ya faida juu ya mshahara. Kilifanikiwa, na mafanikio yakavuta wenye hisa wapya ambao hawakuwa na habari na ndoto ya mtu. Mwaka wa 1862 wakapiga kura, wakafuta mgao wa wafanyakazi. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja mlango. Walikuja mkutanoni wakiwa wengi, wakainua mikono, basi.

Sasa turudi nyumbani. Ushirika ulifika Kenya kutoka juu, mikononi mwa walowezi. Chama cha kwanza kinachotajwa ni cha Lumbwa, eneo la Kipkelion, mwaka wa 1908. KCC ya maziwa ilianza 1925. Mkulima Mwafrika alifunguliwa mlango kwa kweli na sheria ya 1945, na mlango huo ulikuwa na bawabu: afisa wa serikali wa kusajili, kukagua na kuamuru. Baada ya uhuru serikali ilivipenda vyama hivi, ikavitaja katika mpango wake wa 1965 wa ujamaa wa Kiafrika, na sheria ya 1966 ikaendelea kumpa kamishna nguvu nyingi. Kwa hiyo wazazi wetu walirithi vyama ambavyo mtu hakuvianzisha kwa peni mbili. Uliingia kwa sababu kahawa yako ilikuwa na njia moja tu ya kufika sokoni.

Matokeo tunayajua. Miaka ya 1990 wakulima walipeleka maziwa KCC na kukaa miezi bila malipo. Sheria ya 1997 ilipunguza mkono wa serikali ghafla, na katika vyama vingi kamati zilijikuta bila msimamizi wa juu na bila wanachama waliozoea kuuliza maswali. Mwaka wa 2004 sheria ikarekebishwa tena ili usimamizi urudi. KCC yenyewe ilikuwa imeuzwa kwa watu binafsi, na serikali ikaichukua tena mwaka wa 2003.

Lakini miaka hiyohiyo ya shida, wafugaji wa Githunguri walienda njia nyingine. Chama chao kilianza 1961 na wanachama 31, karibu sawa na wale wa Toad Lane. Soko la zamani lilipoyumba, walikopa, wakajenga kiwanda chao, na kuanzia 2004 maziwa yao yakaingia madukani Nairobi kwa jina la Fresha. Sheria ni ileile, nchi ni ileile, ng'ombe ni walewale.

Kitu kimoja bado hatuna. Vyama vyetu vya chakula karibu vyote ni vya wanaouza: maziwa, kahawa, miwa. Sisi wa mjini, ambao kazi yetu ni kununua, hatujajipanga. Novemba 2019 shirika la viwango lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na tulichofanya wengi wetu ni kuhamia chapa nyingine na kuomba Mungu. Hiyo ni London ya 1820, na simu mkononi.

Watu huniambia hatuwezi, Mkenya haaminiki na pesa. Kwani nani alikuambia mfumaji wa Rochdale aliaminika? Duka la kwanza lilikufa kwa madeni ya wanachama wenyewe. Na sisi tuna chama kila kona. Kuna wanawake wanaozungusha maelfu ya pesa kila mwezi kwa daftari moja na bila wakili. Kinachokosekana si uaminifu. Chama chetu kikishagawa pesa, kila mtu huenda zake kununua unga peke yake.

Kwa hiyo ukisikia majirani kwenye ploti wanapanga kununua magunia ya mahindi pamoja na kusagisha wenyewe, usiulize kwanza bei. Uliza kama mtauziana kwa deni, nani anashika daftari, na mkutano ni siku gani. Kisha uende huo mkutano, hata kama mvua inanyesha na kuna mechi. Kile kiwanda cha Rochdale kilipotea kwenye mkutano.