Msalaba wa shaba na filamu za walezi

Mwaka 2004 mwongozaji Christophe Barratier alitoa Les Choristes, filamu iliyowavuta watazamaji zaidi ya milioni 8 katika kumbi za sinema za Ufaransa peke yake. Kisa chake kinajulikana popote kinaposemwa Kifaransa: mwaka 1949 mwalimu Clément Mathieu, mtu asiye na cheo wala mali, anafika kwenye shule ya bweni ya wavulana walioshindikana, anakuta wanatawaliwa kwa adhabu, naye anaanzisha kwaya. Wachache wanakumbuka kwamba Barratier alikuwa akiitengeneza upya filamu ya mwaka 1945, La Cage aux rossignols ya Jean Dréville, na kwamba walioimba katika ile ya kwanza walikuwa Petits Chanteurs à la Croix de Bois, kwaya ya wavulana iliyoanzishwa Paris mwaka 1907. Hapo ndipo historia inapoingia Katanga. Miaka 8 kabla ya filamu ya Dréville, katika mji ambao leo tunauita Lubumbashi na wakati ule uliitwa Élisabethville, padri Mbenedikto Anschaire Lamoral alianzisha kwaya ya wavulana wa Kongo, Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre. Jina lilifuata mfano wa Paris, ila msalaba wa mti (bois) uliuachia nafasi ule wa shaba (cuivre). Kwa hiyo mji wetu ulikuwa na kwaya ya aina hiyohiyo tangu 1937. Wavulana wa Ufaransa walipata filamu mbili zenye sifa. Wavulana wa Élisabethville walisubiri kwa muda mrefu sana, na filamu iliyowafikia hatimaye haikufanana hata kidogo na ile ya Barratier. Tofauti hiyo ina mengi ya kutufundisha kuhusu filamu zote zinazosimulia jinsi vijana maskini wanavyolelewa na mtu mzima mwenye moyo.

Filamu za aina hii zina mwendo wake unaojirudia. Boys Town ya mwaka 1938 ilimfanya Spencer Tracy kuwa padri Flanagan wa Nebraska. To Sir, with Love ya 1967 ilimpeleka Sidney Poitier kufundisha mashariki ya London. Dangerous Minds ya 1995 na Freedom Writers ya 2007 zikawapeleka walimu wa kike katika madarasa ya California. Kamera inaingia mlangoni pamoja na mgeni, inawaona vijana kwa macho yake, inashangaa naye, inalia naye, na mwishoni inatoka naye. Ukiondoa shule, serikali, kampuni na kanisa, ukabakiza mtu mmoja na wema wake, umaskini unaonekana kama kosa la mahesabu linaloweza kusahihishwa na moyo mmoja mkunjufu. Hoja yangu ni kwamba historia ya Lubumbashi inaukataa mwendo huo. Hapa mlezi hakuwahi kuwa mtu peke yake. Nyuma yake daima ilisimama taasisi, nayo ilitaka kitu. Filamu ya ulezi iliyo ya kweli ni ile inayoonyesha taasisi hiyo na bei yake, kisha ikatuambia kijana alitoka na nini mkononi.

Tuitazame Élisabethville ya mwaka 1937. Mji ulikuwa na umri wa miaka 27 tu, na uhai wake ulitegemea Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha mtindo wa kuleta wanaume kwa mikataba mifupi na kuwarudisha vijijini. Ikaamua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ili watoto wazaliwe papo hapo na wakue wakiwa mafundi wa kesho. Shule za watoto hao zilikuwa mikononi mwa Wabenedikto wa askofu Jean-Félix de Hemptinne, huku Wasalesiani, waliofika mjini mwaka 1911, wakiwa na shule zao za ufundi. Kampuni, serikali na misheni vilishikana mikono, na mtoto alikuwa katikati. Miaka 4 baada ya kwaya kuanza, tarehe 9 Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira, na makumi kati yao wakafa. Mji uliowafundisha watoto kuimba kwa sauti nne ndio uliowapiga risasi watu wazima waliodai mshahara. Msimulizi wa kwaya ile akiyaacha hayo nje, anasimulia nusu ya habari.

Sisemi kwamba ulezi wa Lamoral ulikuwa uongo. Hili ni pingamizi la kwanza, nalo lina uzito: muziki uliofundishwa ulikuwa muziki kweli, na waliojifunza walijifunza. Ushahidi mkubwa ni Joseph Kiwele. Mwanamuziki huyu aliyezaliwa mwaka 1912 na kulelewa katika misheni alifanya kazi bega kwa bega na Wabenedikto wa Élisabethville kama mpiga kinanda, mwalimu na mtunzi, akaandika misa yenye sauti za Katanga. Mwaka 1960, Moïse Tshombe alipoitangaza Katanga kuwa dola, Kiwele akawa waziri wa elimu na ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa dola hiyo, La Katangaise. Alifariki mwaka 1961. Maisha hayo hayaingii kirahisi katika filamu ya machozi na furaha. Mwanafunzi alifika juu, naam, lakini alifika juu ndani ya siasa iliyokuwa na mkono wa kampuni ileile, na bendera ya dola yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Les Choristes inapotuonyesha mwanafunzi Morhange akiwa mkubwa na kiongozi maarufu wa okestra, inatupa faraja. Kisa cha Kiwele kinatupa swali gumu zaidi na la kikubwa zaidi: ujuzi uliopewa ulikusudiwa umtumikie nani?

Swali hilo lina mfano mwingine kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, huko Kamina. Padri Mfransisko Guido Haazen alifika huko mwaka 1953, akakusanya wavulana wapatao 45 na walimu kama 15 wa shule ya Kamina, akawaita Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Ulaya wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, na sahani ya Missa Luba ikaenda duniani kote. Jambo ambalo huwa linapitwa haraka ni namna misa ile ilivyopatikana. Nyimbo zilikua katika mazoezi, waimbaji wakibuni papo kwa papo juu ya misingi waliyoijua wao. Kyrie yake imesimama juu ya kasala, wimbo wa maombolezo wa Waluba. Padri alijifunza kwao kwa kiasi kilekile walichojifunza kwake. Lakini kwenye sahani jina lililong'aa lilikuwa la Haazen, likifuatwa kwa mbali na la mwimbaji kiongozi, mwalimu Joachim Ngoi. Kundi zima lilijulikana kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Kisha mwaka 1968 Lindsay Anderson akatengeneza If...., filamu kuhusu wavulana wa shule ya kitajiri ya Uingereza wanaoasi walezi wao, na Sanctus ya Kamina ndiyo inayosikika mara kwa mara, shujaa akiirudiarudia kwenye gramafoni. Filamu ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Sauti za wavulana wa Katanga ziliupa uasi wa wavulana wa Uingereza moto wake, na hakuna aliyeuliza wenye sauti wako wapi.

Si ajabu, kwa sababu sinema yenyewe katika Kongo ya Wabelgiji ilikuwa chombo cha ulezi. Serikali iliamua Mwafrika aone nini na asione nini, na filamu zilizotengenezwa kwa ajili yake zilikuwa masomo. Wamisionari walikuwa watengenezaji hodari. Huko Kasai, padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyochekesha kwelikweli huku vikimfundisha mtazamaji adabu ya mfanyakazi mwema. Kila mtazamaji mweusi alihesabiwa kuwa mtoto, hata akiwa na wajukuu. Mtu akiijua historia hii hawezi kuitazama filamu ya mwalimu mgeni anayewaokoa vijana kama burudani tupu, kwa kuwa alishawahi kuwekwa upande wa wanaookolewa, akiwa amekaa kwenye benchi la kambi na mwanga wa projekta ukipita juu ya kichwa chake.

Filamu ya wavulana wa msalaba wa shaba ilikuja mwaka 2017, na ililetwa na mtoto wa mji. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alionyesha katika maonyesho ya documenta 14 kazi yake Tales of the Copper Cross Garden, Episode 1. Ndani yake hakuna mwalimu shujaa. Tunaona kiwanda: shaba inayowaka inavutwa, inanyooshwa, inakuwa waya, wafanyakazi wamesimama kando ya joto, na juu ya mitambo hiyo zinapita sauti za kwaya. Maandishi yanayotokea ni ya V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, akalelewa na Wabenedikto, akawa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa Afrika kabla ya kufariki mwaka 2025. Katika kitabu chake cha 1994 Mudimbe aliuchunguza ulezi huohuo uliomfinyanga: ratiba, ukimya, Kilatini, mwili uliofunzwa utii. Tunaiona pia picha ya zamani ya wavulana wenye misalaba shingoni. Baloji anaiweka shaba na kijana katika moto mmoja, na mtazamaji anaelewa bila kuambiwa kwamba vyote viwili vilikuwa malighafi. Misalaba ya shaba, ikumbukwe, ilikuwa fedha ya Katanga karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Mapadri waliichukua alama iliyokuwepo wakamrudishia mtoto ikiwa na maana nyingine.

Kuna atakayesema kwamba hiyo si hadithi, ni tafakuri, na kwamba watu wanahitaji mtu wa kumpenda kwenye skrini. Nakubali nusu. Sinema bila mtu ni baridi. Ila mtu huyo si lazima awe mgeni mwenye kila kitu. Benda Bilili! ya mwaka 2010, ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, inawafuata wanamuziki wa Kinshasa wenye ulemavu wa polio, Ricky Likabu na Coco Ngambali wakiwa mbele, wanapomchukua Roger Landu, kijana wa mitaani mwenye ala ya waya mmoja aliyoiunda kwa kopo. Walezi hawa wanalala pagumu kama yeye. Wanachompa ni nafasi kwenye bendi. Queen of Katwe ya Mira Nair, mwaka 2016, inamwonyesha Robert Katende wa Kampala, ambaye naye alikulia katika umaskini, akimfundisha Phiona Mutesi sataranji. Filamu hiyo ni ya Disney na haikosi sukari, lakini mama wa Phiona, anayechezwa na Lupita Nyong'o, amepewa uzito wa mlezi kamili, na hilo peke yake linaitofautisha na filamu nyingi za jamii yake. Nair pia alikuwa ameanzisha Maisha Film Lab huko Kampala mwaka 2004 ili vijana wa Afrika Mashariki wajifunze kutengeneza filamu. Kwangu kitendo hicho kina thamani kuliko tukio lolote la filamu yenyewe, maana kinamwachia kijana kamera.

Lubumbashi nayo imeiendea njia hiyo kwa nguvu zake. Kuanzia mwaka 2008 kituo cha Picha, ambacho Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake pamoja na Patrick Mudekereza, kimekuwa kikiandaa Biennale ya mji na kuwapa wasanii vijana mahali pa kufanyia kazi. Frank Mukunday na Tétshim, wachoraji waliojifundisha wenyewe, walitoa mwaka 2019 filamu fupi ya uhuishaji Machini, ambamo mawe na makaa yanasimulia mji unaoliwa na viwanda vyake. Baloji mwingine, mwanamuziki aliyezaliwa hapahapa mwaka 1978 na kukulia Liège, alitoa Augure mwaka 2023, ikapata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes. Mmoja wa wahusika wakuu wanne wa filamu hiyo ni Paco, kijana wa mitaani anayeongoza genge lililovaa magauni ya waridi, akimwombolezea dada yake. Hakuna mwalimu anayetokea kumwokoa. Mwongozaji anamwachia huzuni yake, hasira yake na ubunifu wake, na kijana hapungukiwi heshima kwa kukosa mkombozi.

Pingamizi lililobaki ndilo linaloniuma zaidi. Kazi ya Sammy Baloji ilionekana Kassel na Athens, miji ya documenta 14. Watu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi, ambao babu zao walikaa kambini, wengi wao hawajaiona. Je, kuna faida gani kuirudisha kamera nyumbani ikiwa filamu inabaki ugenini? Ni kweli, na haitoshi kujibu kwamba sinema nyingi za mji zilifungwa. Lakini dosari hiyo ni ya usambazaji, nayo inatibika kwa ukuta mweupe, projekta na jioni moja katika ua wa shule. Dosari isiyotibika ni ya umri. Mvulana aliyeimba Brussels akiwa na miaka 10 mwaka 1958 leo anakaribia 80, na waliofundishwa na Lamoral mwanzoni mwa kwaya yake wako mbali zaidi ya hapo. Picha zao zimehifadhiwa na sauti zao zinauzwa bado. Wanaoweza kuitazama picha ile na kutaja nani alisimama mstari gani, alifundishwa nini, alikwenda kufanya kazi wapi na alilipwa kiasi gani, wako Kamina, Likasi na Lubumbashi. Mafundi wa kamera nao wako mjini sasa, na kazi ya kuwasikiliza wazee hao haihitaji studio.