Deni na Utashi: Historia ya "Shall" na "Will"

Wengi tuliosoma Kiingereza shuleni tulikaririshwa kwamba "shall" huandamana na "I" na "we", na "will" huandamana na nafsi nyingine. Tuliipokea kanuni hiyo kana kwamba ilizaliwa pamoja na lugha yenyewe. Sivyo.

Katika Kiingereza cha kale, asili ya "shall" ilikuwa kuwiwa, na ya "will" kutaka. Mwaka 1653, John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza iliyowalenga wageni. Humo alieleza kuwa msemaji akijitaja kwa "shall" anatabiri tu, na kwa "will" anaahidi au anatishia. Nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka: "you will go" ni utabiri, "you shall go" ni neno la msemaji aliyeazimia uende. Leo wazungumzaji wengi hutumia "will" kwa nafsi zote, na mkato "I'll" umeificha tofauti hiyo.

Nasi tuna jambo la kujifunza. Wanaisimu huihusisha "-ta-" ya "nitakwenda" na kitenzi "taka". Basi lugha mbili zisizo na udugu zimeujenga wakati ujao juu ya utashi. Kwa hiyo mfasiri wa mashairi akikutana na "thou shalt", asikimbilie "uta-". Kwanza aulize: nani anadai, na nani anadaiwa? Huenda jibu likamwelekeza kwenye "sharti".