Nani ameshika swichi ya hita yako? Kisa cha maji ya moto ya usiku

Hebu nikuulize: saa nane za usiku, wewe na familia mmelala fofofo, hita yenu ya maji inafanya nini?

Mimi nilikuwa sijui. Tumepanga nyumba Arusha, watu wanne, na bafuni tulikuta hita ya tangi la lita 100. Ilipofika Julai, na baridi ya huku unaijua, umeme wa LUKU wa elfu ishirini ukawa haumalizi siku kumi. Kila mtu akawa na mtuhumiwa wake: pasi, friji, jamaa anayechaji laptopu mbili. Usiku mmoja nikazima kila kitu nikaiacha hita peke yake, nikapiga picha ya mita, nikalala. Asubuhi, kabla mtu hajafungua bomba, nikapiga nyingine. Zilikuwa zimekwenda uniti moja na nusu hivi. Na hakuna aliyeoga!

Maelezo yake si magumu. Tangi linavuja joto, kama chupa ya chai iliyochoka. Maji yakipoa kidogo, themostati inawasha, yanapanda, inazima, yanapoa tena. Usiku kucha. Watu wengi huamini kwamba kuiacha hita imewaka ni nafuu kuliko kupasha upya, lakini fizikia haikubali: tangi likiwa la moto zaidi kuliko hewa ya bafuni, ndivyo linavyopoteza zaidi kila saa. Ukiliacha lipoe, linapoteza kidogo kidogo.

Na kupasha kwenyewe ni kazi nzito. Kupandisha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.19 hivi. Lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni karibu uniti 4.7. Sasa linganisha na hili: kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani, kundi la D1, ananunua uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo kwa 350. Uniti 75 kwa mwezi ni 2.5 kwa siku. Yaani tangi moja likijazwa moto mara moja kwa siku linatosha kukutoa kwenye umeme wa bei nafuu hata kabla hujawasha taa.

Nikaanza kutafuta namna ya kuipangia hita saa zake, nikidhani ni jambo jipya la simu na intaneti. Kumbe wenzetu wamelifanya kwa zaidi ya miaka 60, na aliyekuwa anapanga hakuwa mwenye nyumba.

Twende Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilitaifisha umeme na mwaka 1946 ikaunda shirika moja, EDF. Mwaka 1949 mchumi kijana aitwaye Marcel Boiteux, ambaye baadaye alikuja kuliongoza shirika hilo, alichapisha makala kuhusu bei ya umeme wa saa za kilele. Wazo lake nitalieleza kwa daladala. Saa kumi na mbili asubuhi watu wanabanana mlangoni, saa nne viti vitupu. Ni nani anayemlazimisha tajiri kununua gari la pili? Si abiria wa saa nne. Ni wa asubuhi. Basi, kwa hoja ya Boiteux, gharama ya gari la pili imwangukie huyo wa asubuhi, na wa saa nne alipe mafuta tu. Umeme ni vilevile, tena zaidi, kwa sababu ukishazalishwa hauwekwi ghalani. Mitambo inajengwa kwa ajili ya saa chache za jioni, halafu usiku inakaa.

Bei za namna hiyo zilianza kwa viwanda miaka ya 1950, na mwaka 1965 zikafika majumbani: saa 8 za bei nafuu, kwa kawaida usiku. Shida ikawa hii: nani ataamka saa nne na nusu usiku kuwasha hita, kisha aamke tena alfajiri kuizima? Jibu lilipita kwenye waya uleule wa umeme. Umeme wa gridi unapiga mara 50 kwa sekunde. Kwenye kituo cha kupozea umeme walipandikiza juu yake mpigo mwingine mdogo wa hezi 175, kwa mafungu yaliyopangwa, kama mtu anayebisha hodi kwa mtindo wake. Ndani ya nyumba kulikuwa na kifaa kinachosikiliza hodi hiyo. Kikiitambua, swichi ya hita inajishika yenyewe, taa na redio havina habari. Ishara moja, matangi maelfu yanawaka.

Hapa ndipo utaona kwa nini lilichaguliwa tangi la maji na si jiko. Jiko likicheleweshwa saa sita, mmelala njaa. Maji yakipashwa saa nane usiku, asubuhi bado ni ya moto. Tangi ni ghala la umeme, ghala la bei rahisi ambalo mwananchi alikuwa ameshalinunua mwenyewe. Wengi husema mpango huu uliletwa na nyuklia. Si kweli. Ufaransa iliamua kujenga mitambo mingi ya nyuklia mwaka 1974, miaka 9 baada ya bei ya usiku kufika majumbani. Nyuklia ilikuta matangi yanasubiri, ikayategemea.

Ufaransa haikuwa peke yake. New Zealand ilitumia ishara za aina hiyo tangu miaka ya 1950, ila yenyewe ilivutiwa zaidi na kuzima: jioni ya baridi mzigo ukizidi, kampuni inayahesabu matangi ya mtaa na kuyanyima umeme kwa muda. Uingereza ilileta bei ya usiku ya saa 7 mwaka 1978, na miaka ya 1980 ikatumia redio. Matangazo ya BBC Radio 4 ya masafa marefu, baadaye kwenye kilohezi 198, yalibeba chini kwa chini amri za kuwasha na kuzima hita. Msikilizaji anasikia taarifa ya habari, mita ukutani inasikia lingine kabisa. (Hili nililipenda kupita yote, nikalisimulia nyumbani. Hakuna aliyeniamini.)

Hata jirani zetu wa Kenya, katika orodha zao za bei, kwa miaka mingi walikuwa na kundi lililoitwa IT, la umeme unaoruhusiwa kukatwa saa za kilele.

Sasa rudi kwenye swali la kichwa cha habari. Mfaransa alipewa swichi ndogo yenye hatua tatu: zima, otomatiki, washa kwa nguvu. Wageni wakija, unaisukuma iwashe sasa hivi kwa bei ya mchana. Kwangu mimi hatua hiyo ya tatu ndiyo heshima ya mfumo mzima. Shirika linapanga, wewe unaweza kukataa, na ukikubali unalipwa kwa bei nafuu. Ni mkataba unaoeleweka.

Lakini mkataba huwa unabadilishwa. Baridi ya 2022 kuelekea 2023, Ufaransa ikihofia upungufu wa umeme, serikali iliagiza hita zilizokuwa zikiwashwa mchana kati ya saa sita na saa nane zisiwashwe na mfumo. Kuanzia Novemba 2025 wameanza kuhamisha sehemu ya saa nafuu kutoka usiku kwenda mchana, kwa sababu jua sasa linazalisha umeme mwingi adhuhuri. Uingereza nako, tarehe 30 Juni 2025 walianza kuzima kwa awamu ile ishara ya redio, na wateja wenye mita za zamani wakaonywa kwamba hita zao zinaweza kubaki zimewaka au zimezimika moja kwa moja. Fikiria bibi kizee wa Scotland ambaye nyumba yake imekuwa ikipata joto kwa amri ya redio kwa miaka 40.

Kwetu je? Bei ya LUKU nyumbani ni ileile saa nane usiku na saa moja jioni. Kwa hiyo ukiihamishia hita usiku hupati hata shilingi kwa ajili ya saa yenyewe. Unachookoa ni ule mvujo tu. Unaweza kusema hatuhitaji mambo ya Boiteux: Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya megawati 2,115, na maji ya bwawa, tofauti na nyuklia, yanaweza kuzuiwa usiku yakasubiri jioni. Hoja nzuri, ila inaishia bwawani. Transfoma ya mtaa haina bwawa. Saa moja jioni, wote tukiwasha pamoja, inayolemewa ni hiyo.

Kuna jambo lingine linanisumbua. Nyumba nyingi mpya hazina tangi. Zina shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakipita, ya kilowati 4 au 5. Haivuji joto usiku, na hilo ni jema. Lakini haina ghala. Huwezi kuipangia saa, maana inataka umeme wakati uleule unaooga, na wote tunaoga wakati mmoja. Kila tangi tunalong'oa, tunang'oa na uwezekano wa TANESCO kuja siku moja kutuuzia saa za bei nafuu.

Sisi tangi tumelibakiza. Nilimwita fundi umeme akatufungia taima kwenye saketi ya hita. Hili usilijaribu mwenyewe: waya wa hita na maji ya bafuni havina masihara. Linawaka saa tisa na nusu usiku hadi kumi na mbili asubuhi, na themostati tumeiacha kwenye nyuzi 60, kwa sababu tangi la vuguvugu ni makazi mazuri ya bakteria wa legionela. Elfu ishirini sasa inafika siku ya kumi na nne. Anayetaka kuoga usiku anachemsha maji kwenye sufuria, na mmoja wetu, anayerudi kazini saa tano, bado hajanisamehe. Taima lina kitufe cha kuwasha kwa nguvu. Nimemwonyesha kilipo.