William Henry Hatch

William Henry Hatch (1833–1896) alikuwa wakili, ofisa wa jeshi la majimbo ya Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kisha mbunge wa Missouri kwa miaka 16. Alizaliwa karibu na Georgetown, Kentucky, akahamia Hannibal, Missouri, ambako alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka kabla ya vita kuzuka. Anakumbukwa zaidi kwa sheria ya 1887 iliyogharimia vituo vya utafiti wa kilimo kote Marekani. Ni rahisi kumsimulia kama mtu aliyegeuka: jana alitumikia majimbo yaliyojitenga, leo anaiingiza Serikali Kuu hadi mashambani. Lakini sheria alizozisimamia, zikisomwa kifungu kwa kifungu, hazionyeshi mgeuko huo. Zinaonyesha mapatano: fedha itoke Washington, mamlaka yabaki majimboni.

Vitani alikuwa kapteni, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa ya ofisini, Richmond, akiwa msaidizi wa Robert Ould katika shughuli ya kubadilishana mateka. Mabadilishano hayo yalikwama mwaka 1863, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba Kusini ilikataa kuwahesabu askari weusi wa Kaskazini kuwa mateka wa vita sawa na wenzao weupe. Hatch hakuwa mtunga sera hiyo. Alikuwa katika ofisi iliyoitekeleza.

Aliingia katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1879, na kuanzia 1883 akaongoza Kamati ya Kilimo. Wakati huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa ikitishia biashara ya nyama. Mwaka 1884 muswada wake ulizaa Idara ya Mifugo, ila baada ya kukatwakatwa bungeni: watumishi wasizidi 20, na kazi ya kudhibiti magonjwa ndani ya jimbo itegemee ushirikiano wa jimbo lenyewe. Kikaongezwa kifungu cha ajabu kilichotamka kwamba homa ya Texas isihesabiwe kuwa ugonjwa wa kuambukiza kwa ng'ombe wanaosafirishwa kwa reli kwenda machinjioni. Wafanyabiashara wa Kusini walihitaji njia ibaki wazi. Idara hiyohiyo, mwaka 1893, ikatoa matokeo ya watafiti wake Theobald Smith na F. L. Kilborne kuhusu homa hiyo. Waliwabandua kupe mmoja mmoja kwa mkono kutoka kwa ng'ombe wa Kusini, wakawaweka ng'ombe hao zizi moja na wa Kaskazini, na hakuna aliyeugua. Walipomwaga kupe malishoni bila ng'ombe yeyote wa Kusini kuwapo, ng'ombe wa Kaskazini wakaugua. Ndio ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaujua kama kukojoa damu.

Sheria ya 1887, iliyotiwa saini na Rais Grover Cleveland tarehe 2 Machi, ilifuata mkondo uleule. Kila jimbo lilipewa hadi dola 15,000 kwa mwaka, kutokana na mauzo ya ardhi ya umma, ili chuo chake cha kilimo kiendeshe kituo cha utafiti. Vituo vilitakiwa kuchapisha taarifa walau kila baada ya miezi mitatu na kuzituma bure kwa posta kwa wakulima waliozihitaji. Lakini sheria ilitamka wazi kwamba haibadilishi uhusiano wa vyuo na serikali za majimbo yao.

Kuna watakaosema sifa hizi si za Hatch: wazo lilikuwa limeshapiganiwa na Seaman Knapp wa Iowa, na katika Seneti muswada ulibebwa na James George wa Mississippi. Ni kweli, na kwa upande wa sayansi Hatch hakuvumbua kitu. Ila mbeba muswada wa Seneti naye alikuwa ofisa wa zamani wa jeshi la Kusini. Hoja ya mapatano inapata nguvu zaidi. Pingamizi zito ni kodi ya 1886 ya senti 2 kwa kila pauni ya majarini, na muswada wake wa kubana biashara ya ahadi za mazao, ambao mwaka 1893 ulikaribia kupita. Hapo Hatch alitumia mkono wa Serikali Kuu bila haya. Hata hivyo mkono huo uliwaangukia wenye viwanda na madalali wa masoko ya mazao. Utawala wa majimbo haukuguswa.

Gharama ya mapatano iliwaangukia wakulima weusi. Sheria iliwaachia wabunge wa majimbo kuamua ni chuo gani kipate fedha, na Kusini wakavipa vyuo vya weupe. Kituo cha utafiti cha Tuskegee, chuo cha weusi alikofanya kazi mtafiti wa kilimo George Washington Carver, kiliendeshwa kwa fedha ya jimbo la Alabama, dola 1,500 tu kwa mwaka.

Hatch alishindwa katika uchaguzi wa 1894 na kufariki karibu na Hannibal tarehe 23 Desemba 1896. Vyuo vya weusi vilivyoanzishwa au kugharimiwa chini ya sheria ya vyuo vya kilimo ya 1890 vilipata sheria yao ya kudumu ya kugharimia utafiti mwaka 1977.